Nilivyorudisha maji salama nyumbani baada ya mgao

Mwishoni mwa Oktoba 2022 kina cha Mto Ruvu kilishuka, Dar es Salaam ikaingia katika mgao wa maji, na mtaani kwetu Tabata kila mtu akawa na ushauri wake. Ushauri ulioniudhi kuliko wote, na ambao bado nausikia kila mgao unapoisha, ni ule unaosema kwamba maji yakirudi yakiwa meupe basi yanafaa kutumika. Bomba linapokaa bila presha, maji machafu ya ardhini hupenya ndani kupitia kila ufa, na mashine za kuvuta maji ambazo wengi wamezifunga moja kwa moja kwenye bomba la mtaa huyavuta zaidi. Kisha maji yanaporudi kwa nguvu hukwangua kutu na utando wote ulioshika ndani ya bomba, na mzigo huo huishia kwako.

Kwa hiyo maji yaliporudi sikuyaruhusu kuingia tangini. Nilifunga koki ya tangi, nikafungua bomba la uani lililo karibu na mita, nikaweka ndoo nyeupe chini yake. Yalitoka ya kahawia, yakafuata ya rangi ya chai hafifu, hatimaye yakawa kama yamechanganywa na maziwa. Hayo ya mwisho hayakunitisha: ukiyaweka kwenye glasi na weupe ukaanza kutoweka kutoka chini kwenda juu, ni hewa tu. Vichujio vidogo vya midomo ya mabomba nilivifungua vyote na kuvisugua, kwa kuwa mchanga hujificha humo.

Kazi kubwa ilikuwa tangi, ambalo wakati wa mgao lilikuwa limepokea maji ya maboza ambayo sikujua yalichotwa wapi. Fundi wa mtaani aliniambia, "Mama, usijisumbue, mimina Jik humo ndani, itaua kila kitu." Jirani yangu alimsikiliza, alimimina jioni, na asubuhi maji yake hayakuwa na hata harufu ya dawa. Klorini iliyomo kwenye Jik haichagui adui. Ikikuta tope na utando humalizikia huko, na vijidudu vilivyojificha ndani ya tope hubaki salama. Tope lazima litoke kwanza.

Sasa tope la tangi la lita 1,000 lililo juu ya mnara hulitoi kwa kufungua mabomba ya ndani, kwa sababu tundu la kutolea maji liko juu kidogo ya sakafu ya tangi, na kilicho chini ya tundu hilo hakitoki kamwe. Kuliinamisha haiwezekani, na kuingia ndani yake ni hatari. Nilichukua mpira unaopitisha mwanga, nikaufunga kwenye mpini mrefu wa ufagio, nikaujaza maji safi mpaka hewa yote ikatoka, nikaziba ncha moja kwa kidole gumba. Ncha ya mpini niliizamisha tangini, nyingine nikaishusha hadi chini uani, nikaachia kidole. Maji yakaanza kujivuta yenyewe, na mimi nikawa napitisha mpini taratibu juu ya sakafu ya tangi kama anayefagia chumba alicholala mtoto, nisilitibue tope. Uzuri wa mpira wa aina hiyo ni kwamba unaona ndani: tope likipita unabaki papo hapo, maji yakiwa meupe unasogea. Lilitoka tope jeusi lenye harufu, na nilifurahi kuliona likimwagika nje. Kisha nilisugua kuta kwa brashi ndefu na kuvuta tena. Sikutumia dawa ya chooni yenye asidi, wala wewe usiitumie, maana ikikutana na Jik hutoa gesi ya sumu.

Ndipo nikajaza tangi na kumimina Jik isiyo na manukato, ile ya asilimia 3.5, lita moja na nusu hivi, kiasi kinachofikia takriban miligramu 50 za klorini kwa kila lita. Nilifungua kila bomba ndani ya nyumba mpaka harufu ya dawa itoke, nikalifunga. Hapo nikagundua jambo ambalo fundi hakuwahi kuniambia: bomba la jikoni halikutoa harufu kabisa, kumbe linatoka moja kwa moja mtaani bila kupita tangini, na ndilo tulilokuwa tukinywea. Hilo nililisafisha peke yake kwa kuliacha litiririke kwa muda mrefu.

Dawa ilikaa usiku kucha, na maji hayo yakaishia vyooni na sakafuni, bustani sikuigusa. Nilijaza upya, nikapima kwa vijikaratasi vya kupimia maji ya bwawa la kuogelea, nikihakikisha klorini haiko chini ya miligramu 0.2 kwa lita. Gharama zote, pamoja na mpira, hazikufika elfu hamsini. Muda wote huo maji ya kunywa tuliyachemsha mpaka yakatokota sawasawa, kwa sababu shabu ambayo wengi huitegemea hutuliza tope tu, haiui vijidudu. Mashine yangu ya kuvuta maji nayo niliihamisha: sasa inavuta kutoka kwenye tangi dogo lililo chini, na bomba la mtaa hailigusi tena.