Peugeot 504 yangu na Land Rover 109 ya mjomba: wiki ya tisa ya matengenezo

Jumamosi. Hatimaye 504 imeshuka kwenye mawe. Ilikuwa haikai sailensa, yaani nikiachia mafuta injini inazimika. Kabureta nimeifungua mara tatu, kumbe gasketi ya chini inavuta hewa. Mjomba alifika hapa Nyegezi, Mwanza, na Land Rover 109 yake, Series III ya petroli, akanikuta nimelala uvunguni.

"Mpwa, huyu bibi harusi wako anatoka ndani lini?"

Basi tukakubaliana kuzipima kesho yake. Kwenye karatasi nilishamshinda: yangu ni cc 1971, nguvu za farasi takriban 95, kilo kama 1,200. Yake ina cc 2286 lakini farasi 70 tu, na bodi lote lile la alumini bado inakaribia tani moja na nusu.

Jumapili. Kilima cha Bugando kimenitia adabu. Mimi nimebeba watu wanne, mjomba kapakia mifuko kumi ya saruji. Katikati ya mlima gia namba tatu ikaanza kuhema, nikarudi mbili. Yeye akapanda taratibu, kama mzee anayetoka misa ya kwanza. Usiku nikafungua kitabu ndipo nikaelewa. Nguvu ya kusokota inakaribiana, kama nyutonimita 160 kila moja, ila yake inapatikana injini ikizunguka mara 2,000 hivi kwa dakika. Yangu mpaka ifike 3,000. Na hao farasi 95 wako huko kwenye mizunguko 5,200, ambako pistoni zangu za kizee sithubutu kuzipeleka. Halafu gia za 109 zenyewe ni fupi, zimetengenezwa kwa kubeba.

Mchana, saruji imeshashushwa, tukaenda hadi ng'ambo ya daraja la Kigongo–Busisi. Kwenye lami hapakuwa na mashindano: mjomba akigusa 90, kelele zake nadhani zinasikika Sengerema. Tulipochepuka kwenye vumbi lenye rasta, yale mawimbi ya barabara, 504 ikapita kama mtumbwi ziwa likiwa shwari. Ina springi za koili pande zote nne, na miguu ya nyuma kila mmoja unajitegemea. Ya mjomba ni springi za pleti, mbele na nyuma. Alishuka ameshika kiuno, hakusema kitu.

Nikamchokoza: Ove Andersson alishinda Safari Rally ya 1975 kwa 504!

"Andersson alikuwa na mafundi wanamfuata. Wewe unanifuata mimi."

Mafuta, kwa kujaza tangi kabla na baada, kilomita zaidi kidogo ya 80: yangu lita 9, yake 14. Hapo hata yeye alinyamaza.

Breki sijazipima sawasawa. Mimi nina diski mbele, yeye dramu kote, lakini silinda yangu moja ya nyuma inavuja, hivyo si haki. Hiyo ndiyo kazi ya wiki ijayo, pamoja na bushi za usukani.

Leo asubuhi nimekuta mnyororo wa kuvutia gari ndani ya buti yangu. Sikuuomba.