Graniti ya Wyoming kwa baiskeli, kwa macho ya mtu wa Mwanza

Ukitoka Cheyenne kwenda Laramie, jimbo la Wyoming hapa Marekani, na kama huna haraka, achana na barabara kuu ya I-80. Pita barabara ya zamani inayoitwa Happy Jack. Mwanzoni utaona nyika kavu tupu, upepo mtindo mmoja. Kisha, karibu nusu ya safari, mawe yanaanza: majabali ya rangi ya waridi yaliyobebana, mengine makubwa kuliko nyumba, mengine yameegeshwa juu ya wenzake kiasi kwamba mgeni anaogopa kukaa chini yake. Mtu wa Mwanza haogopi. Ameyazoea tangu utotoni pale Bugando, Isamilo na Capri Point, na Jiwe la Bismarck amelikuta limesimama ziwani na ataliacha limesimama.

Hapo ndipo ilipo hifadhi ya jimbo ya Curt Gowdy, iliyopewa jina la mtangazaji maarufu wa michezo aliyezaliwa Wyoming. Ina mabwawa, likiwemo la Granite na la Crystal, yanayohifadhi maji ya mji wa Cheyenne, na kuyazunguka kuna zaidi ya kilomita 50 za njia za baiskeli na za miguu. Mwaka 2009 IMBA, chama cha kimataifa cha waendesha baiskeli za mlimani, kiliziingiza njia hizo katika orodha yake ya njia bora inayoitwa Epic.

Naishi Laramie. Watanzania na Wakenya wanaokuja huku kusoma huniuliza kuhusu baridi na upepo, na wana haki ya kuuliza, maana upepo wa Wyoming si wa mchezo. Lakini sijasikia mtu wetu akiulizia haya mawe, na kwangu mimi mawe haya ndiyo yaliyonifanya nipapende mahali hapa. Nataka niyaeleze vizuri kwa Kiswahili, kwa sababu jiwe la namna hii tunalo nyumbani, na watu huku wamelifanyia kazi ambayo sisi bado hatujaifanya.

Graniti ya huku inaitwa Sherman, na umri wake ni miaka bilioni 1.4 hivi. Ile ya Mwanza ni kongwe zaidi, imepita bilioni mbili na nusu. Zote mbili ziliganda kutoka kwenye uji wa moto chini sana ardhini, zikapasuka mistari mistari, maji yakaingia kwenye nyufa na kuozesha pembe za mawe kwanza. Udongo ulipokuja kusombwa, yakabaki haya madonge ya duara. Tofauti ni kwamba huku kuna barafu pia: maji yanaingia kwenye ufa, yanaganda, yanatanuka, jiwe linamumunyuka. Matokeo yake ni changarawe ya waridi iliyotapakaa kila mahali. Reli ya Union Pacific, iliyovuka kilele cha Sherman mwaka 1868 kwenye mwinuko wa mita 2,500 hivi, ilikuja kuichimba changarawe hiyo na kuimwaga chini ya mataruma yake.

Kwa mwendesha baiskeli, jabali na changarawe ni vitu viwili tofauti kabisa, ingawa ni jiwe lilelile. Punje za graniti ya Sherman ni kubwa, nyingine zinafika ukubwa wa kucha, na zimejitokeza juu ya uso wa jiwe. Ukiteleza na kuweka kiganja, ngozi inabaki pale. Lakini ukali huohuo ndio unaoshika tairi. Unaweza kushuka bamba la jiwe ambalo kwa macho linaonekana kama ukuta, na baiskeli isiteleze hata kidogo, mradi jiwe ni safi. Changarawe ikitanda juu yake, hali inageuka: zile punje zinaviringika chini ya tairi na hakuna cha kushika.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza unayofundishwa na wenyeji ni hii: funga breki ukiwa juu ya jabali, achia ukifika kwenye changarawe. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu. Kwenye jiwe kavu inakuokoa, kwenye changarawe inakulaza chini. Unapokaribia bamba, unabonyeza kitufe kwenye usukani, kiti kinashuka chini kabisa, unasimama juu ya pedali mbili zikiwa zimelingana, magoti na viwiko vimelegea, makalio yamesogea nyuma kidogo. Macho yanatazama pale bamba linapoishia. Ukitazama gurudumu la mbele umekwisha. Chini ya bamba mara nyingi kuna kona, na kwenye kona ndiko changarawe inakojikusanya, kwa hiyo kazi yote ya kupunguza mwendo uimalize ungali juu ya jiwe.

Tairi nazo ni pana, za meno makubwa, na nyingi hazina tyubu. Ndani humiminwa gundi ya majimaji ambayo huziba tundu dogo yenyewe, hata kabla hujajua kwamba umechomwa na kitu. Upepo unajazwa kidogo tu ili tairi lijikunje na kulikumbatia jiwe. Helmeti ni lazima, na magotini mimi huvaa kinga kila siku, hata kwenye njia rahisi.

Usihofu kwamba utatupwa kwenye mabamba hayo siku ya kwanza. Kila njia ina alama: duara la kijani ni la wanaoanza, mraba wa bluu ni wa kati, almasi nyeusi ni ya wazoefu, na almasi mbili ni za wachache. Pale Curt Gowdy kuna vijia vinavyoambaa na bwawa ambavyo mtu aliyezoea baiskeli ya Phoenix ya kubebea mkaa atavimaliza akiimba. Ukitaka kukaa katikati ya majabali bila kuhangaika sana, sogea magharibi hadi Vedauwoo, ndani ya Msitu wa Taifa wa Medicine Bow. Kuna njia ya Turtle Rock inayozunguka rundo zima la mawe, ikipita kwenye misitu ya miti ya aspeni na vidimbwi vilivyozibwa na wanyama wanaoitwa biva. Pande hizo utakutana pia na musi, mnyama wa porini mrefu kuliko farasi. Ukimwona, simama mbali na umwache apite. Waenda kwa miguu na wapanda farasi pia hupishwa kwanza, na anayeshuka humpisha anayepanda.

Majira mazuri ni Juni hadi Septemba. Mwezi wa Julai anza asubuhi na mapema, kwa sababu mchana mawingu hupanda ghafla na radi hupiga kwenye hayo majabali. Na pumua taratibu: Laramie iko mita 2,184 juu ya usawa wa bahari, Mwanza ni 1,100 na kidogo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Njia hizi zilijengwa. Nilikuwa nadhani mtu anafyeka tu majani na kupita, mpaka nilipojiunga na siku ya kujitolea. Tulipewa mitaimbo, sururu na reki nzito, na kabla ya kugusa udongo tuliambiwa tutembee tukitazama maji yatapita wapi. Njia haishuki moja kwa moja kufuata mteremko, kwa sababu maji yataifuata na kuigeuza korongo. Inakatwa kwa ubavu. Mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima, na wastani wake usivuke asilimia 10. Upande wa bondeni unalazwa kidogo, asilimia 5 hivi, maji yavuke badala ya kutiririka. Kila baada ya hatua kadhaa njia inazama na kupanda tena, ili maji yaliyoponyoka yatolewe nje. Pale penye tope panapigwa mawe, kila jiwe likizikwa zaidi ya nusu ili lisitikisike. Juu ya jabali lenyewe unaruhusiwa kuwa mkali zaidi, maana graniti haisombwi na mvua. Kusogeza jiwe moja kwa mitaimbo kulituchukua watu wanne karibu asubuhi nzima, na aliyetuongoza hakuridhika mpaka alipolirukia kwa miguu miwili na likakataa kucheza.

Nikirudi Mwanza nikavitazama vilima vyetu, naona vijia vimechongwa na nyayo za watoto na wabeba maji, vimenyooka kutoka juu hadi chini, na kila mvua inavichimba. Naona pia majabali yanayochomwa moto na kugongwa kuwa kokoto. Anayegonga kokoto juani anatafuta ada ya mtoto, na simlaumu hata kidogo. Ninachouma nacho meno ni kwamba hatujampa kazi nyingine ya kufanya na jiwe hilo. Usukuma ni nchi ya baiskeli. Mashindano ya baiskeli hujaza watu barabarani, wanaume kwa wanawake, na vijana wamelea familia kwa kubeba abiria kwenye karia. Waendeshaji tunao. Mawe tunayo. Njia ndizo hatuna.

Kwa hiyo nimeanza na binamu yangu na wenzake wawili, kwenye kilima kimoja nje ya mji, upande wa Kisesa. Nawatumia picha na michoro, wao wanapima mteremko kwa programu ya simu na kunitumia namba. Kipande cha kwanza walichokipigia vigingi ni kifupi na hakivuki asilimia 8. Walipokwenda kuomba ruhusa kwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee aliwasikiliza, akatembea nao kilima chote, kisha akawauliza maji ya mvua yatatokea wapi. Wakamwonyesha. Sehemu moja aliikataa palepale, kwa kuwa ingeyamwaga kwenye shamba la mihogo la jirani, na vigingi vikang'olewa kupelekwa hatua ishirini mbele, nyuma ya jabali.