Nilivyounganisha malipo ya simu na bili za zahanati (baada ya kupigwa mara tatu)

Mimi siyo injinia jamani, nina diploma ya IT na ndo mtu wa kompyuta kwenye zahanati moja binafsi huku Nkuhungu, Dodoma, kwa hiyo wajuzi msinicheke sana.

Zamani mgonjwa analipa kwa lipa namba, anaonyesha meseji dirishani, keshia anaandika kwenye daftari jina, simu na kipimo, na daftari lenyewe liko wazi kaunta kila mtu anachungulia. Jioni hela na bili haziendani. Jamaa mmoja akaniambia we weka app ya kusoma meseji, kazi imeisha, makampuni ya nini. Nikamsikiliza. Nikachukua kisimu cha Android nikakifungia kwenye droo ya keshia na chaja yake, meseji ya malipo ikiingia app inaituma kwenye mfumo, bili inageuka kijani, yaani imelipwa. Wiki mbili nikawa natembea kifua mbele, daktari ananiita profesa.

Sasa siku hiyo kaja kijana, bili elfu themanini na kitu, kijani, kabeba dawa, huyoo. Jioni kwenye akaunti hela hamna. Kufungua meseji, imekaa vizuri kabisa, kila nukta mahali pake, ila imetoka kwa namba ya mtu wa kawaida ya 07! App yangu ilikuwa inasoma maneno tu, nani katuma haina habari. Kurudi nyuma nikakuta ziko tatu. Uprofesa ukaishia hapo.

Ikabidi nipite njia ndefu niliyokuwa naikimbia, kuunganishwa rasmi na kampuni ya malipo, makaratasi kibao, kama mwezi na nusu na laki kadhaa. Sasa kila bili ina namba yake, kama kontrol namba za GePG, ule mfumo wa malipo ya serikali, mteja anatokewa na ujumbe kwenye simu anaweka PIN. Na taarifa ikija kwamba kalipa siiamini hivyo hivyo, mfumo unarudi kuwauliza wenyewe: muamala upo? kiasi ndo hiki? bili ndo hii? Ikigoma moja, hamna kijani.

Nikajua nimemaliza, kumbe bado. Risiti ya SMS ilikuwa inaenda kwa aliyelipa, na nilikuwa nimeiandikia jina la kipimo ili ipendeze. Dada mmoja kalipiwa na kaka yake aliye Singida. Kipimo sikitaji, ila malaria siyo. Kesho yake kaja mapokezi, hakugomba hata kidogo, kasema tu "mmeniuza". Bora angenitukana.

Anayelipa siyo lazima awe mgonjwa, hilo hakuna aliyeniambia. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya na miamala ya fedha kuwa taarifa nyeti. Siku hizi kampuni ya malipo na mlipaji wanaona namba ya bili na kiasi, basi. Mengine mgonjwa anapewa kwenye karatasi mkononi. Pia kila mtu na paswedi yake, ile ya "keshia123" ya zahanati nzima nimeifuta, walininunia wiki nzima.

Daktari kaanza tena kuniita profesa. Akiniita tu, naenda kukagua miamala kwanza.