Amezoea

Tangu Jumanne usiku nimekuwa nikiirudia kichwani sentensi moja ya maneno matatu, na kwa kuwa usingizi umegoma kuja, heri niiandike hapa.

Kifungua mimba wangu mnamjua, na mnajua kwamba sasa ana miaka 13 na hapendi kuulizwauliza. Jumanne mvua ilimkuta akitoka shule, na kufikia saa mbili usiku mapaja na mgongo vilikuwa vimemshika. Kwa mwenye selimundu kulowa si jambo dogo: seli za damu zilizojipinda kama mundu hunasa katika mishipa midogo, mfupa ukakosa hewa, maumivu yakaanza. Hospitalini, muuguzi alimkuta ameinamia simu yangu akicheza mchezo wa mpira, kimya, bila chozi. Akanigeukia mimi, akauliza hali yake. Nami, kwa fahari ambayo leo inanitia haya, nikajibu, "Huyu amezoea, Sista." Muuguzi akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika kitu, akaenda kwa mtoto wa kitanda cha pili aliyekuwa akipiga mayowe.

Kijana hakuinua macho. "Nani amekuambia nimezoea?"

Nilimkemea kwamba mama hajibiwi hivyo. Ndiyo, nilimkemea. Kisha tukakaa karibu saa mbili kabla ya kupewa mofini ya maji, ile ya rangi ya kijani. Dawa ilikuwapo wakati wote. Tumekuwa nayo nchini tangu Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na tangu 2004 hata muuguzi aliyepata mafunzo maalumu anaruhusiwa kuiandika. Ila nani angeharakisha dawa kali kwa mtoto ambaye mama mzazi amesema amezoea?

Mitihani ya majaribio imeanza, shangazi wa Mbale tumemzika Alhamisi, na mimi nilikuwa makaburini nikinyambua kitenzi. Miaka 16 nimefundisha viambishi vya nafsi hapa Tororo, nikisahihisha kwa wino mwekundu wanafunzi wanaochanganya ni- na a-, na kumbe ni mimi niliyeichukua ni- ya mtoto nikaweka a- yangu. Nilimsikia akisema "nimezoea" lini? Hajawahi. Mashambulizi yalipungua tangu aanze kumeza dawa ya haidroksiyurea kila siku, nami nikahesabu kupungua huko kuwa ndiko kuzoea.

Ijumaa jioni, uji ukiwa bado wa moto mikononi mwake, aliomba karatasi. Alisema zile nyuso sita za kupimia maumivu zilizo ukutani hospitalini, kuanzia inayocheka hadi inayolia, hazimfai, kwa sababu yeye halii hata akiwa kwenye ya mwisho. Akachora barabara anayopita baba yake na lori, kila mahali pakiwa kipimo cha maumivu. Tororo ni nyumbani, hakuna kinachouma. Bugiri ni maji mengi na blanketi. Iganga ni parasetamoli na chupa ya maji ya moto mgongoni. Jinja, asiambiwe habari za shule. Akivuka Mto Naili, pikipiki iitwe twende hospitali, tusingoje kupambazuke. Baada ya hapo ni msitu wa Mabira, na humo haongei kabisa, anacheza simu tu ili asipige kelele. Jumanne, aliniambia huku akipaka penseli miti yote nyeusi, alikuwa katikati ya Mabira na gari halina taa.

Nikamwomba radhi. Alijikuna shingo, akaniambia nisilie kwenye uji wake.

"Sista akikuuliza wewe tena, mwambie amuulize dereva."

Tulicheka mpaka mdogo wake akaja kuuliza kuna nini, naye akadai Namawojjolo iongezwe kwenye ramani kwa sababu ya kuku wa kuchoma. Ikaongezwa, ingawa haina kipimo chochote. Karatasi nimeibandika mlangoni mwa kabati la dawa, na nakala moja imo katika daftari lake la kliniki.

Leo asubuhi nilimuuliza yuko wapi. "Bugiri, na nina njaa."

Baba yake alipaswa kuvuka mpaka wa Malaba juzi akitokea Mombasa. Wenzake wanasema foleni ya malori ni ndefu. Simu yake haipatikani tangu jana mchana.