Jinsi nilivyopata picha safi za dhoruba Capri Point
Picha zangu za mawimbi yakipasukia majabali ya itale chini ya Capri Point, hapa Mwanza, zilikuwa zikitoka zimefifia, kwa kuwa upepo wa ziwani uliitikisa stendi ya kamera na kurusha matone kwenye lenzi. Kufuta lenzi kila mara hakukusaidia. Kilichosaidia ni kuhamia upande wa jabali usiopigwa na upepo, kuishusha stendi hadi kamera ikawa usawa wa goti, kisha kuning'iniza mkoba chini yake ukiwa umegusa ardhi, maana mkoba unaobembea huongeza mtikisiko. Kamera niliifunika kwa kifungashio cha mkate kilichobanwa kwa mpira (mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2019), nikaacha tundu la lenzi pekee. Kwa kasi ya shata (muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga) ya sekunde 1/1000 matone ya wimbi yaliganda angani. Kwa nusu sekunde povu lilionekana kama maziwa, na binafsi naipenda zaidi ile ya kwanza. Radi ikianza kusikika, nafungasha vifaa na kuondoka.