Chubwi haiingii mdomoni

Kijana wangu kapenda kuvua kwa mshipi, na chubwi zetu (vile vizito vya kuzamisha ndoana) ni za risasi, ile metali yenye sumu. Sikutaka kumkataza, nimeona bora nimfundishe. Ile tabia ya kubana chubwi ndogo kwa meno (wakubwa wengi tunayo!) kwake ni marufuku, anatumia koleo.

Maelezo matupu hayakumwingia. Nikamwambia asugue chubwi kwenye karatasi nyeupe. Ikaacha mstari wa kijivu. "Sasa angalia vidole vyako." Akaviangalia, kisha akauliza kama penseli nazo ni sumu. Hapana, ile ni grafiti, si risasi. Swali zuri lakini.

Mtoto akimeza risasi, mwili wake unafyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo ni sabuni na maji, hadi chini ya kucha, kabla ya kugusa chakula. Vile vitakasa mikono haviondoi risasi.

Sasa anaomba tuyeyushe chubwi wenyewe. Nimekataa. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na tone la maji likiingia humo inakurukia usoni.