Kilo 21

Jana usiku binti yangu alinijia na daftari la hesabu. "Baba, debe moja la kahawa lina kilo ngapi?"

"Debe la nani?"

Akanitazama kama mtu aliyekwisha kumchoka baba yake. Swali linasema debe, basi. Lakini mimi nayajua madebe. Kuna lililobonyea ubavuni, kuna linalojazwa mpaka linaota kichuguu, na kuna linalofutwa juu kwa kiganja. Na hata lile lile moja, kahawa ya asubuhi yenye umande haina uzito wa ile ya saa tisa alasiri. Mtoto akaenda kumuuliza mama yake. Mimi nikabaki na kumbukumbu za Kibosho, mlimani Kilimanjaro.

Mwaka ule nilikuwa mdadisi, yaani mkusanya takwimu wa mradi wa kahawa. Begi langu lilikuwa na madodoso, GPS na mzani wa ndoano. Wakubwa wa mradi walikuwa wameshtuka kwamba mavuno yanayotajwa na wakulima hayaaminiki, na kweli hayaaminiki: mtu anachuma kidogo kidogo kuanzia Julai hadi Desemba, halafu unamuuliza Februari amepata kiasi gani! Anakutajia namba ya mwaka uliomfurahisha. Eka ndiyo kabisa. Vitabuni eka moja ina mibuni 540, lakini kihambani, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, mibuni imejibana kati ya migomba, juu kuna kivuli cha mti wa mringaringa, na GPS chini ya majani yale inakuhamishia kwa jirani. Niliiacha mfukoni nikawa nahesabu mti mmoja mmoja, kila niliouhesabu naupaka chokaa shinani.

Basi tukagawa mizani na madaftari. Kila mchumo upimwe ukiwa mbivu, kabla haujaingia kwenye mashine ya kumenya. Nyumba ya tatu kwenye orodha yangu ilikuwa ya mzee mmoja na mkewe, mibuni 190. Mama ndiye aliyechuma na kupima, kijana wao wa darasa la sita akiandika.

Nilirudi Januari, jioni. Mzee akatoa stakabadhi za chama cha ushirika kutoka kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili. Kahawa ya maganda, iliyooshwa na kukaushwa kichanjani: kilo 61. Nikafungua daftari, nikajumlisha michumo yote: kilo 412 za mbivu. Kwa kawaida kilo tano za mbivu zinakupa kilo moja ya maganda, hapa na pale. Nikagawa. Zilipaswa kukaribia 82.

"Mzee," nikasema, tena kwa furaha, kama mtu aliyeokota mbuzi wa watu, "hapa kuna kilo 21 hazionekani!"

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni akimenya ndizi za usiku, vidole vyeusi kwa utomvu. Kisu kikasimama. Hakuinua uso. Ndizi ilibaki mkononi, nusu ina ganda, nusu nyeupe. Yule kijana akaanza kuchungulia vidole vyake vya miguu. Huko nyuma ng'ombe alikuwa anacheua, na sijawahi kusikia ng'ombe akicheua kwa kelele namna ile.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mlimani kote halihitaji dodoso. Kahawa ni ya baba, ndizi na maziwa ni vya mama. Na kuna mambo ndizi haziwezi: sare ya shule, ada ndogondogo, dawa ya usiku. Na kuna wanunuzi wa saa za magharibi, giza likiingia, wanaopita uchochoroni na debe lao wenyewe.

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Akautazama mzani niliokuwa nimeutundika kwenye boriti.

"Mwanangu, mzani wako mbovu."

"Labda, mzee."

"Siyo labda."

Kisu kikaanza tena.

Mke wangu, nikimsimulia, husema mzee alijua tangu siku ya harusi. Mimi sina uhakika huo. Huenda alikuwa anaficha aibu tu mbele ya mgeni, na maneno yenyewe yalikuja nilipofunga geti. Kwenye dodoso niliandika: hasara baada ya kuvuna, kilo 21, sababu ugonjwa wa chulebuni. Chulebuni hushambulia kahawa changa ikiwa bado mtini. Mtu yeyote anayeijua kahawa angenikamata hapo hapo. Hakuna aliyeniuliza.

Msimu uliofuata daftari lao lilikuwa zuri ajabu, mistari imenyooka kwa rula. Mbivu kilo 305, maganda kilo 61. Tano kwa moja, haikubaki hata nusu. Msimamizi wetu akalinyanyua mbele ya wadadisi wote: hizi ndizo data safi. Niliihesabu mibuni upya, ikawa 190 ile ile. Kweli, mbuni ukizaa sana mwaka huu, mwaka ujao hupumzika. Inawezekana.

Siku hiyo mama alinisindikiza hadi njia panda, mkungu wa ndizi mshare kichwani. Akaushusha, akanitwisha.

"Aika, mwanangu," akasema, yaani asante kwa Kichaga. "Mwaka huu mzani umepona."